Majani Mawili ya Isale

Tulimwacha Calvin amesimama mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani la baba yake, kisu cha migomba mkononi, akiukodolea macho mmea wa isale kana kwamba utamjibu.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi nitasema haraka haraka, maana mikosi ya kijana huyu ni mingi na gazeti lina kurasa chache.

Calvin ni kitinda mimba wa Mzee Elisaria wa Mwika. Anapiga dramu. Alianzia kwenye kwaya ya vijana usharikani, akahamia kwenye kikundi cha matarumbeta mjini Moshi, wale wanaosindikiza maharusi wakiwa nyuma ya pikapu. Siku moja akaondoka bila kuaga, akaenda Dar es Salaam kwenye usaili wa chuo cha muziki. Ngozi ya dramu ikapasuka katikati ya usaili. Akamalizia kwa kupiga kiti cha plastiki. Wasaili wakacheka, wakamchukua.

Mkosi wa pili. Siku hiyo hiyo kikundi chake kilikuwa na harusi Kwa Sadala, naye alikuwa amesahau kabisa. Bibi harusi akaingia ukumbini bila dramu. Primus, kiongozi wa kikundi, akamfukuza kwa simu kabla hata basi la kurudi halijafika Chalinze.

Mkosi wa tatu ndio uliomkata maini. Tangu arudi nyumbani, baba yake hamtazami. Wanapishana kwenye njia ya migombani, mzee anapita kimya. Calvin akisema shikamoo, mzee anashtuka, anaitikia marahaba, macho yakiwa pembeni. Jumapili mzee alikataa hata kusoma neno kanisani, kazi aliyoifanya tangu Calvin hajazaliwa. Akampa mtu mwingine Biblia, akarudi kwenye benchi lake.

"Ni kwa aibu yangu," Calvin alijiambia. "Nimemwaibisha mpaka kanisani."

Sasa ni Jumamosi, na Jumatatu anatakiwa awe chuoni.

Unaweza kuuliza, si apande basi tu aende? Uliza ukiwa mbali. Kaka zake wawili, Ronald na mwenzake, wako Mwanza na Dodoma, wanaonekana Krismasi. Kwa Wachaga, kihamba cha wazazi ni cha kitinda mimba. Na pamoja na kihamba anarithi wazazi wenyewe, ng'ombe wao, kahawa yao, na makaburi yaliyo nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemwuliza Calvin kama anataka, maana kwao hilo haliulizwi.

Aliyemtuma kwenye mmea wa isale ni Shangazi Hilda, dada wa Mzee Elisaria. Alikuja jana, akamkuta kijana amejiinamia zizini.

"Una nini wewe? Umefiwa?"

"Shangazi, baba amenisusa."

"Umemwomba radhi?"

"Nitamwombaje? Nikianza kuongea, anageuka anaondoka."

"Unaanzaje na maneno? Kata isale."

Calvin akacheka. "Shangazi, hayo ni mambo ya zamani."

"Ya zamani ndiyo yanayomfunga baba yako. Mfunge kwa kamba anayoijua."

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Mchaga aliyemkosea mwenzake hukata jani lake, hulifunga fundo, humpelekea. Aliyekosewa akilipokea kwa mkono wake, basi amekwisha. Atasamehe hata kama nyumba yake ilichomwa moto, na ombi lililokuja na jani hatalikataa. Na jambo lililosamehewa kwa isale halifufuliwi tena na mtu yeyote. Ndiyo maana kuna watu wakimwona mgomvi wao anapandisha kilima na jani mkononi, hutokea mlango wa nyuma.

"Usitangulize mdomo," Shangazi Hilda alimwonya. "Jani kwanza, maneno baadaye. Akishapokea, mwambie akusamehe kwa kuondoka bila kuaga, na akuruhusu uende."

"Atakubali?"

"Akishapokea, atakuwa na ujanja gani tena?"

Basi Calvin akakata. Akachagua jani la kijani safi, akalifunga fundo, akalificha ndani ya shati. Mvua ilikuwa imeanza. Akakimbia nyumbani, moyo ukimwenda mbio kuliko siku ya usaili.

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na sebule ilikuwa na giza giza. Mama yake, Magreth, alikaa karibu na mlango akimenya ndizi za mtori. Mzee Elisaria alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza dirishani, koti amevaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni Calvin?"

Ilimchoma. Yaani sasa baba anamwuliza kama ni yeye, kama vile ni mgeni aliyepotea njia!

"Ni mimi, baba."

"Afadhali umekuja. Nilikuwa nakungoja."

Calvin akapeleka mkono kifuani. Hakuwahi. Mzee alikuwa ameshainuka, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine umeingia mfuko wa koti na kutoka.

"Pokea," akasema.

Sasa nikwambie kitu kuhusu mikono ya Calvin. Ina akili kuliko kichwa chake. Haijawahi kuchelewa hata pigo moja, waulize maharusi wote wa Moshi. Na mikono hiyo imelelewa Mwika, ambako mkubwa akikupa kitu unainama kidogo, unapokea kwa mikono miwili, maswali baadaye.

Ikapokea.

"Aika, mbe," mdomo nao ukashukuru wenyewe, kama ulivyofundishwa.

Ndipo alipohisi alichokishika. Kitu chembamba, laini, kirefu. Katikati kina fundo.

Kisu cha mama kilisimama juu ya ndizi.

"Baba! Hili ni jani la isale!"

"Najua. Nimelikata leo asubuhi. Shangazi yako alinisaidia."

Shangazi huyo huyo! Amewapa baba na mwana silaha moja, kila mmoja kwa wakati wake, akaenda zake nyumbani kunywa chai.

"Baba, mzee hampi mtoto isale. Haijawahi kutokea."

"Anayekosa ndiye anayetoa. Mimi nimekosa."

"Umekosa nini?"

Mzee akakaa tena, taratibu, akipapasa kiti kwanza.

"Juzi uliacha simu yako hapa inachaji, ukaenda kukata majani ya ng'ombe. Ikalia. Ikakatika, ikalia tena. Nikaona labda ni Ronald, nikapokea."

"Alikuwa nani?"

"Mama mmoja wa chuoni. Mtu wa heshima, alinisalimia vizuri. Anauliza kama utafika Jumatatu."

Calvin akamsogelea.

"Ukamwambiaje, baba?"

"Nikamwambia mimi ni baba yako. Nikamwambia umebadili mawazo, huendi tena."

Jamani! Kijana alipiga kiti cha plastiki mbele ya walimu, akafukuzwa kazi, akasuswa nyumbani, yote kwa ajili ya nafasi hiyo. Na nafasi yenyewe imetolewa sebuleni kwao, kwa simu yake mwenyewe, wakati yeye yuko bondeni anamkatia ng'ombe wa baba yake majani.

"Ulisema uongo? Wewe, mzee wa kanisa?"

"Ndiyo maana nimekata isale. Kama nisingesema uongo, ningekata ya nini?"

"Kwa hiyo wameshampa mtu mwingine."

"Hapana." Mzee alikohoa. "Yule mama alisema wataiacha nafasi wazi mpaka Jumatatu, labda kijana mwenyewe atapiga. Nakuambia yote. Sitaki kuweka uongo mwingine juu ya ule."

Calvin akaruka. Simu ilikuwa mfukoni! Aliitoa, akatafuta ile namba ya Dar es Salaam.

"Calvin," mama akaita. Hakupaza sauti. "Umepokea."

"Mama, nilipokea bila kujua!"

"Hakuna anayepokea akijua. Ingekuwa watu wanajua, nani angenyosha mkono?"

"Lakini napiga simu tu! Nawaambia nakuja!"

"Ukipiga kulitengua, umelifufua. Unamsahau Melkior? Alipokea isale ya kaka yake kwa habari ya mpaka, kesho yake akaenda baraza la kata. Mpaka leo ni nani anakunywa mbege kwake? Binti yake alipoposwa, wakwe walisikia habari hiyo, wakageuzia njiani."

Calvin alisimama katikati ya sebule, mkono mmoja simu, mwingine jani. Angeweza kupiga. Hakuna polisi wa isale. Lakini alijua, kama wewe ungekuwa wa pale ungejua, kwamba akibonyeza namba ile hatakuwa tena na kwao pa kurudi, hata kwa Krismasi. Akairudisha simu mfukoni. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Basi nipe sababu, baba. Kwa nini?"

"Sababu ninayo."

"Nipe!"

"Isale haiombi ukubaliane na sababu. Inaomba usamehe. Umesamehe?"

Angesema nini? Jani liko mkononi.

"Nimesamehe," Calvin akasema, na lilikuwa neno chungu kuliko yote aliyowahi kuyasema katika nyumba ile.

"Aika," mzee akajibu.

Mvua juu ya bati. Ng'ombe akalia zizini, anataka chakula, ya watu hayamhusu.

Ndipo Calvin akalihisi. Lile jani la kwake. Lilikuwa bado kifuani, limegandana na jasho.

Akili ikamrudia. Kumbe bado! Kama yeye amefungwa kwa jani, baba naye hufungwa kwa jani. Mzee akipokea tu, atalazimika kumruhusu. Si kufufua jambo la simu hilo, ni ombi jipya kabisa, lenye jani lake. Shangazi Hilda mwenyewe asingeweza kulipinga.

Akalitoa polepole. Akaliweka juu ya viganja viwili, akainama, akanyosha mikono mpaka karibu na kifua cha baba yake. Hakusema kitu. Jani kwanza, maneno baadaye.

Mzee hakupokea.

Calvin akangoja. Mzee alikaa vile vile, uso dirishani, mikono juu ya magoti. Hakugeuka. Hakurudi nyuma. Jani lilikuwa mbele yake, angeinua mkono kidogo tu angeligusa.

"Hata hili ananikatalia," Calvin akawaza, na safari hii hasira zilimpanda kweli. Yeye amepokea la baba, amemeza uongo mzima mzima, na baba anajifanya haoni!

Hapo umeme ukarudi.

Balbu iliwaka juu ya vichwa vyao. Redio nayo ikapasuka kwa matangazo, maana ilikuwa imeachwa wazi kwa sauti kubwa. Mama akaziba macho kwa mkono wenye utomvu wa ndizi. Calvin akafinya yake.

Mzee Elisaria hakufinya. Aligeuza uso juu, ukaelekea balbu moja kwa moja, macho wazi, akatega sikio.

"Redio imelia," akasema. "Umeme umerudi?"

Mama aliinuka akaizima redio. Alimtazama mwanawe, akaweka kidole mdomoni.

Calvin alilisogeza jani kushoto. Akalisogeza kulia. Macho ya baba yake hayakulifuata.

Yote yakamrudia kwa mpigo. Ile njia ya migombani. Yule mzee anayeshtuka akisikia shikamoo. Biblia aliyopewa mtu mwingine. "Ni Calvin?" Kiti kinachopapaswa kwanza ndipo kikaliwe. Isale iliyokatwa kwa kusaidiwa na shangazi.

Kumbe hakuwa amesuswa. Alikuwa haonekani.

"Baba," akasema, "shati langu ni la rangi gani?"

Mzee aliurudisha uso dirishani.

"Hilda kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Ni presha ya macho. Hospitalini mjini walisema kilichopotea hakirudi, wanajaribu kukizuia kilichobaki. Jicho la kulia hakuna kitu. La kushoto naliona dirisha mchana, na mtu akikatisha mbele ya mwanga nakiona kivuli. Wewe huwa nakutambua kwa miguu, isipokuwa mvua au majani ya migomba yakipiga kelele. Unatembea kama unapiga dramu."

Calvin alitaka kucheka, ikatoka kilio.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungebaki kwa kunihurumia. Sikutaka kukaa na mtu anayenihurumia. Nilitaka ubaki kwa kuwa umeamua mwenyewe."

"Halafu ukanikatia nafasi kwa simu! Hapo nimeamua mimi, baba?"

"Hapana." Mzee aliinamisha kichwa. "Simu ililia, nikaogopa. Nikafikiri, ng'ombe atakamuliwa na nani? Kahawa ikiiva nitaionaje kama imeiva? Mama yako ana mgongo. Nikaogopa, mwanangu. Ndiyo hapo nilipokosea."

Mimi ninayesimulia sina la kumlaumu mzee huyu, na Calvin pia sina la kumlaumu. Nawaonea huruma wote wawili, wala hainisaidii kitu.

Maana jani lilikuwa bado juu ya viganja vya Calvin.

Alilitazama. Akilitia mikononi mwa baba yake, mzee atasema nenda, hana njia nyingine, na Jumatatu Calvin atakuwa chuoni akijifunza dramu yenye ngozi nzima, huku baba yake akipapasa kahawa mbichi na mbivu kwa vidole. Akilirudisha kifuani, baba hatajua kamwe kwamba lilikuwapo. Calvin hatapoteza heshima, hatapoteza kihamba. Atapoteza ile nafasi tu, na atakamua ng'ombe yule mpaka azeeke naye.

Alimtazama mama yake amsaidie. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na alimtazama mama yake kama siku ya kwanza ya shule.

Mama akajifuta mikono kwenye kitenge. Akaja, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe. Aliliangalia jani, akamwangalia mwanawe, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Baba Ronald," akaita.

"Naam."

"Nyosha mikono."

"Kuna nini?"

"Kuna kitu cha kupokea."

"Mama, ngoja," Calvin akanong'ona. "Mama, subiri kwanza."

"Sisubiri. Mimi nimesubiri humu ndani tangu macho yalipoanza, baba anasema nisimwambie mwana, sasa mwana naye anasema nisubiri." Akamkazia macho Calvin. "Kitu unacho wewe. Mpe, au kirudishe ulikokitoa. Mimi sitakuchagulia. Lakini kwangu hakuna tena kufichana."

Mzee Elisaria hakuuliza mara ya pili. Aliinuka, akainama kidogo, kama mtu anayepewa na mkubwa wake. Akanyosha mikono yote miwili, viganja juu, kuelekea dirishani, ambako hakukuwa na mtu.

"Ni kizito?" akauliza, akijiandaa.

Viganja vya mzee vilibaki wazi upande wa dirisha. Na upande wa pili, jani likiwa bado juu yake, mikono ya Calvin ambayo haijawahi kuchelewa ilikuwa imesimama.